Fleti mpya zinakuja mtaani? Fuata maji kabla ya kufungua ripoti

Mabati yakishazungushwa kiwanja na tingatinga likaingia, maneno ya majirani huwa yamechelewa. Kwa hiyo naandika haya kwa mtu ambaye ndiyo kwanza amesikia kwamba pale kwa fulani patajengwa fleti, au aliyeletewa karatasi ya maswali mlangoni ajaze maoni yake. Utajuaje mradi ule utauletea mtaa nini, nawe si mhandisi wala wakili?

Mimi nilikuwa afisa wa afya ya umma hapa Mombasa hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa visima, vyoo, mitaro na mikahawa. Wazee wa Kisauni walikuwa wakiniita bwana afya, na leso nimejifunga. Sipingi majumba. Watu wanaoana, wanazaa, wanahitaji pa kulala, na kodi haitashuka kwa kuwakataza watu kujenga. Ninachodai ni mradi wenye jibu la mambo matatu: maji safi yatatoka wapi, maji machafu yataenda wapi, na mvua ikinyesha itapita wapi. Mradi uliojibu hayo vizuri kwa kawaida umeyafikiria na mengine. Uliokwepa, hata kama picha zake zina minazi na bwawa la kuogelea, utilie shaka.

Jua mradi uko daraja gani

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ndiyo inayomtaka mwenye mradi apate leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya kujenga. Marekebisho ya 2019 yaligawa miradi kwa kiwango cha hatari. Kwa mitaa ya nyumba, kipimo ni idadi: isiyozidi nyumba 30 ni hatari ndogo, kuanzia 31 hadi 100 ni hatari ya wastani, na ikipita 100 ni hatari kubwa. Mradi mdogo humalizwa kwa ripoti fupi ya athari zake kwa mazingira. Mkubwa huchunguzwa kwa kina na kutangazwa kwa umma.

Basi swali lako la kwanza kwa yeyote anayekuletea karatasi ni: ni nyumba ngapi kwa jumla? Ukiambiwa 96 au 98, si kosa, lakini ongeza swali la pili: kuna awamu nyingine? Awamu ya kwanza yenye fleti 60 na awamu ya pili yenye 60, lango moja, mwenye mali mmoja, kisima kimoja, hiyo ni fleti 120, na mtaa utaibeba kama 120. Andika jibu ulilopewa, na jina la aliyekujibu.

Nenda kiwanjani, tena kwa saa zake

Wengi huanza na ripoti. Mimi nasema iache kwanza. Ripoti itakuonyesha kile ambacho mwandishi wake alitaka ukione, na ukishaisoma ndivyo utakavyokiona kiwanja. Nenda mara mbili: mara moja baada ya mvua kubwa, na mara moja wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, ikiwa kiwanja kiko karibu na bahari au mkondo wa Tudor, Port Reitz au Mtwapa.

Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Hapa kwetu maji ya bamvua hujaa alasiri, saa kumi kwenda saa kumi na moja hivi, kwa hiyo huhitaji kuamka usiku. Ratiba ya kujaa na kupwa hutolewa na Halmashauri ya Bandari, na mvuvi yeyote anayo kichwani. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna tofauti ya zaidi ya mita 3, na mita hizo si za kucheza nazo. Simama ukingoni uone maji yanafika wapi hasa. Tafuta mstari wa mwani mkavu, vijiti na chupa za plastiki: hapo ndipo bahari ilipoishia. Katiba, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ukiona kigingi cha mipaka kimesimikwa upande wa chini wa mstari ule, piga picha, kisha piga nyingine inayoonyesha kigingi na kitu kinachojulikana na kila mtu, kama gati au mbuyu.

Tazama mikoko pia. Mlilana husimama mbele majini, mkoko na muia hufuata, mkandaa na mchu hupenda kwenye chumvi nyuma karibu na nchi kavu. Ukiona mkandaa umekatwa na kifusi kimemwagwa juu ya mashina, kuna mtu ameanza kukipanua kiwanja kimyakimya kuelekea majini. Kifusi kina madhara hata pasipo nyumba juu yake, maana hugeuza njia za maji. Tuta la Makupa liliziba maji yasipite kati ya Tudor na Port Reitz kwa miongo, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa 2022.

Ziara ya mvua ni ya kuangalia mitaro. Simama kwenye kiwanja kikiwa bado kitupu, uone maji yanatuama wapi na yanatoka kwenda kwa nani. Muulize mama muuza mahamri wa kona ile maji ya Novemba 2023 yalifika wapi. Atakuonyesha ukutani kwa kidole. Pima alama ile kwa utepe wa fundi, uandike.

Halafu angalia ardhi yenyewe. Kisiwani, Nyali, Bamburi na Shanzu umesimama juu ya jiwe la matumbawe, lenye nyufa na matundu. Ukienda Mikindani na Miritini unakuta miteremko na udongo mzito. Kwenye matumbawe maji huzama upesi, na uchafu huzama nayo. Kwenye udongo mzito hayazami, hukimbilia kwa jirani wa chini na hatimaye mkondoni. Ripoti inayopendekeza shimo la aina moja kwa ardhi zote mbili imenakiliwa kutoka mahali pengine.

Hesabu ya maji, ifanye mwenyewe

Hapa ndipo napenda watu wakae chini na kalamu. Chukua mfano wa fleti 96 kwenye ekari moja. Weka watu wanne kila fleti: 384. Kila mtu lita 120 kwa siku, kuoga, kupika, kufua na kuvuta choo. Unapata lita 46,080 kwa siku. Boza la kawaida la mtaani hubeba lita 10,000. Kwa hiyo jengo lile litahitaji karibu maboza matano kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo.

Yatatoka wapi? Mombasa hainywi maji yake. Tunaletewa kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na kila mwenye mfereji anajua hayatoshi. Ripoti ikiandika "mradi utaunganishwa na maji ya kaunti" na ikaishia hapo, haijasema kitu. Uliza: kuna barua ya kampuni ya maji inayotaja kiasi? Mfereji wa mtaa ule hutoka siku ngapi kwa wiki? Siku zilizobaki watakunywa nini? Jibu la kweli, mara tisa kati ya kumi, ni kisima cha mashine, nalo nitalirudia.

Sasa maji machafu. Sehemu kubwa ya maji safi, tuseme asilimia 80, hutoka ikiwa machafu: karibu lita 37,000 kwa siku. Kisiwani kuna mabomba ya maji taka ya zamani yanayokwenda Kizingo, na upande wa magharibi kuna mtambo wa Kipevu, lakini eneo kubwa la Nyali na Kisauni halina bomba kabisa. Huko ni tangi la septiki na sokpiti, lile shimo la kuyazamisha maji ardhini. Kama sokpiti itajaa na ardhi ikakataa, yatabebwa na gari la kufyonza. Lita 37,000 ni magari karibu manne kwa siku, zaidi ya mia kwa mwezi. Nani atalipa? Si mwenye mradi, kwa kuwa atakuwa ameshauza fleti akaondoka. Ni kamati ya wakazi, na kamati ikikosa hela, kuna usiku mmoja wa mvua ambapo mtu atafungua mfuniko na kuelekeza bomba kwenye mtaro. Nimewafuata wengi hadi kwenye mifuniko hiyo, najua ninachosema.

Kwa hiyo kwenye mradi wa ukubwa huo nisingekubali septiki. Ningetaka mtambo wa kusafisha maji taka ndani ya kiwanja, na maji yaliyosafishwa yarudi kuvuta vyoo na kumwagilia miti. Ukiona ripoti imeahidi mtambo, tafuta mambo manne: uwezo wake kwa siku (ulinganishe na hesabu yako), mahali utakapokaa kwenye ramani, umeme wa akiba stima ikipotea, na jina la cheo cha atakayeuendesha baada ya fleti kuuzwa. La mwisho ndilo husahaulika, na mtambo usio na mwenyewe hugeuka tangi la septiki la bei ghali.

Mvua nayo ina hesabu rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ni takriban mita za mraba 4,047. Paa, kabro (yale matofali ya kutandaza uani) na lami zikifunika mita 3,200, mvua ya milimita 60, ambayo Mei si ajabu hapa, inaleta lita 192,000 kwa mpigo. Zamani sehemu kubwa ingezama kwenye nyasi. Sasa inataka mtaro. Mtaro wa barabarani ni wa upana gani, na unaishia wapi? Utembee wote kwa miguu hadi mwisho. Mara nyingi utaishia kwenye ukuta wa mtu. Mradi mzuri hujenga tangi la mvua chini ya maegesho, huacha bustani halisi badala ya kabro kila mahali, na maji ya mvua hayaruhusiwi kukutana na maji ya choo. Hakuna uchawi hapo, ni fedha tu.

Kisima cha jirani

Hili nalikawiza kwa makusudi kwa sababu ndilo linaloumiza kimya kimya. Ukanda wetu wa pwani una maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kwa kanuni ya wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na takriban mita 40 zilizo chini yake. Geuza hesabu hiyo: ukivuta ukashusha maji kwa mita moja, chumvi inaweza kupanda mita 40. Pampu ya jengo la fleti 96 ikifanya kazi usiku na mchana, wa kwanza kuionja chumvi si aliye ghorofa ya tisa. Ni nyumba ya makuti ya nyuma yenye kisima cha kamba kilichochimbwa na babu.

Fanya hivi kabla ujenzi haujaanza. Orodhesha visima vyote unavyoweza kuvifikia kuzunguka kiwanja. Kwa kila kisima, shusha kamba yenye uzito, upime kina hadi kwenye maji, asubuhi na alasiri, siku moja ya bamvua na siku moja ya maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu. Visima vya karibu na bahari hupanda na kushuka na maji ya bahari. Usipolijua hilo utamlaumu mwenye mradi kwa kazi ya mwezi. Kisha chota maji kwenye chupa safi, upeleke maabara. Omba vipimo vitatu tu: chumvi ya kloridi, naitreti, na bakteria wa kinyesi. Kloridi ikipita miligramu 250 kwa lita utaanza kuionja. Naitreti, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mwisho ni miligramu 50 kwa lita, na inaponya hamu ya kubishana, kwa sababu kwenye mtaa usio na mashamba kwa kawaida chanzo chake ni choo. Bakteria wa kinyesi wanatakiwa wawe sifuri kwenye mililita 100.

Karatasi ile ya maabara yenye tarehe ya kabla ya ujenzi ina nguvu kuliko maandamano. Bila hiyo, mtu akilalamika baadaye ataambiwa kisima chako kilikuwa cha chumvi tangu zamani, naye hatakuwa na la kujibu. Gharama igawanywe nyumba kwa nyumba, haiwi nzito.

Halafu fungua ramani ya mradi utafute umbali kati ya kisima chao cha mashine na sokpiti yao. Kanuni tuliyofundishwa ni mita 30 angalau. Kwenye matumbawe hata mita 30 si dhamana, maana ufa mmoja unaweza kuupitisha uchafu kama bomba. Nimeshika ramani ambamo viwili hivyo viko pembe mbili za maegesho yale yale. Fundi aliyezichora huenda hakuwa akiishi hapo.

Kinachobomolewa, na kilichokuwapo kabla

Nyumba nyingi mpya Mombasa haziji kwenye pori, zinakuja juu ya nyumba za zamani, kama ilivyokuwa mtaa wa Buxton. Kabla ya nyundo ya kwanza, uliza paa ni la nini. Mapaa mengi ya zamani ni asbesto. Yakiwa mazima hayana fujo kubwa, yakivunjwa kwa nyundo vumbi lake linaingia mapafuni na haliondoki. Kisheria ni taka hatari: hulowanishwa, hufunguliwa karatasi nzima nzima, hufungwa kwenye plastiki nzito na kubebwa na gari lenye kibali. Haziuzwi kwa wajenzi wa vibanda. Ripoti ya mradi wa kubomoa isiyolitaja neno asbesto irudishwe.

Kama kiwanja kilikuwa gereji, ghala la mafuta au kiwanda, hasa pande za Changamwe, Jomvu na Mikindani, dai udongo upimwe. Tunao mfano wetu wenyewe: Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha madini ya risasi kwenye udongo na miilini mwa watoto. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Udongo ukishajengewa juu, hakuna atakayeufukua tena.

Kuhusu kifusi, swali ni moja: kinakwenda wapi, kwa gari gani? Taka za nyumbani nazo zina hesabu. Nusu kilo kwa mtu, watu 384, ni karibu kilo 190 kwa siku. Jaa la kaunti liko Mwakirunge, mbali, na kila lori lisilofika huko limemwaga mahali.

Upepo, miti, kasa

Kusi na kaskazi ndizo feni zetu. Ghorofa kumi na mbili ikisimama kusini-mashariki mwa nyumba yako, kusi halitakufikia kuanzia Aprili hadi Septemba, na utanunua mashine ya kupoza hewa kwa pesa yako. Ripoti chache husema neno juu ya hili. Chora mshale wa upepo kwenye ramani, uone nani atazibwa. Miti mikubwa ihesabiwe kwa jina: mbuyu, mkwaju, mwembe, mwarobaini. Miche ya mapambo kwenye vyungu si badala ya mbuyu. Na ufukweni, Nyali hadi Shanzu, ambako mbele kuna hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotengwa 1986, uliza taa. Kasa wadogo wakiangua usiku hufuata mwanga. Taa za bustani zinazoelekea mchangani huwavuta barabarani badala ya majini. Dawa yake ni taa za chini, zenye kofia, zilizogeuzwa ndani.

Magari utayaona mwenyewe. Fleti 96, maegesho mangapi? Zile zilizokosa nafasi zitalala mbele ya lango lako.

Nani aliulizwa

Fungua ripoti sasa. Usianzie mwanzo, pale ni historia ya Mombasa na jedwali la joto la mwaka. Anzia nyuma, kwenye viambatisho, penye karatasi za maoni ya wananchi. Soma majina, namba za simu zilizofichwa nusu, na mitaa. Linganisha mwandiko. Wakati mmoja nilikuta karatasi kumi na kitu, zote "napendelea mradi utaleta kazi", kalamu moja, mkono mmoja, na mwenye duka aliyetajwa alikuwa amehama zamani.

Hapa Mombasa kuna jambo la kuangaliwa zaidi: nyumba bila ardhi. Mtu ana nyumba yake, aliijenga babake, lakini ardhi ni ya mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja. Ripoti humhesabu kama mpangaji, au hamhesabu kabisa, kwa sababu jina lake halimo kwenye hati. Pia wapangaji wa chumba kimoja, wavuvi wanaotia ngalawa pale chini, na akina mama wanaochuuza langoni. Hao wasipotajwa, ripoti haina watu. Mradi mkubwa unatakiwa ufanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, kukiwa na matangazo ya gazeti, redio na mabango. Hilo si pambo. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, na sababu kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo.

Ukimaliza hapo, ruka hadi kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira. Ni jedwali. Kila mstari uwe na vitu vinne: athari, kitakachofanywa, nani, shilingi ngapi. Penye "mwenye mradi" kila mahali na "gharama ndani ya mradi" kila mahali, weka alama nyekundu. Kisha tafuta sura ya njia mbadala. Ikiwa mbadala pekee ni "kutojenga", wamekwepa swali la kujenga ghorofa chache au kuhamisha kisima.

Ripoti hizi hupimwa moja moja, na huo ndio udhaifu wake mkubwa machoni pangu. Kila kiwanja peke yake huonekana sawa. Viwanja kumi kwenye barabara moja, vikiwa na visima kumi na sokpiti kumi, ni kitu kingine. Taja kwenye barua yako majengo mengine yaliyo ndani ya mita mia chache, kwa idadi.

Barua

Mradi wa kutangazwa ukishatangazwa, umma hupewa siku 30 za kutoa maoni. Ripoti inasomwa bure ofisi ya NEMA ya kaunti saa za kazi. Ukinyimwa, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na utaje tarehe.

Andika ukurasa mmoja au miwili. Kila hoja ifuate mpangilio huu:

"Ukurasa wa 41 unasema maji taka yatakuwa lita 15,000 kwa siku. Kwa watu 384, wakitumia lita 120 kila mmoja, tunapata takriban lita 37,000. Tunaomba mwenye mradi aeleze tofauti hiyo, na leseni isitolewe kabla mtambo wa kusafisha haujapangiwa uwezo unaotosha. Tumeambatisha vipimo vya visima saba vya jirani."

Ukurasa, walichosema, hesabu yako, unachotaka, ushahidi. Usiandike "mradi huu utaharibu mazingira". Hakuna afisa anayeweza kuigeuza sentensi hiyo kuwa sharti la leseni. Omba masharti, mengi na ya kupimika, hata kama unaupinga mradi wote, maana ukipita utakuwa umebaki nayo. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Leseni ikitolewa na hukuridhika, rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ni ndani ya siku 60. Hapo mtafuteni wakili, msiende na hasira peke yake.

Ujenzi ukianza, shika nakala ya masharti ya leseni. Kelele za ujenzi mtaani mchana mwisho ni desibeli 60, na mchana huo huisha saa kumi na mbili jioni. Programu ya simu itakupa makadirio ya kutosha kulalamikia. Vumbi linyunyiziwe maji, malori yafunikwe turubai. Mteueni mtu mmoja, ikiwezekana mwenye subira, awe na daftari la tarehe, saa na namba za malori yanayotoka na kifusi. Vipimo vya visima virudiwe kila miezi mitatu, visima vile vile, maabara ile ile. Na watu wakishahamia, kwenye ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka, omba karatasi ya maabara ya maji yanayotoka kwenye mtambo. Wakikupa picha ya mtambo badala yake, mwambie mzee wa mtaa aitishe kikao.